Anwani binafsi za IP: namna ya kuziandika bila kumpotosha fundi

Kazi yangu ni kuhariri miongozo ya mafundi mitandao. Mwongozo ukifika mezani, kitu cha kwanza ninachotafuta ni namba 172, maana hapo ndipo wengi hujikwaa.

Safu za anwani binafsi za IPv4, yaani namba ambazo mtandao wowote unaweza kuvipa vifaa vyake bila kuomba ruhusa, ni tatu tu, kama zilivyowekwa na RFC 1918, waraka wa kanuni za intaneti wa mwaka 1996: 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16 (namba baada ya mkwaju ni idadi ya biti za mwanzo zisizobadilika). Ya kwanza na ya tatu hazisumbui. Ya kati huanzia 172.16.0.0 na kuishia 172.31.255.255, basi. Niliwahi kupitisha mwongozo uliosema "anwani za 172.x.x.x ni za ndani". Fundi aliyeufuata akaandika kwenye fayawoli, kichujio cha mtandao, kanuni ya kuruhusu 172.0.0.0/8, anwani zaidi ya milioni 16, ilhali safu binafsi ina 1,048,576 tu. Nyingine zote ni za umma, mali ya watu asiowajua, na aliwafungulia mlango. Sentensi ile niliisoma kwa macho yangu nikaiacha. Tangu hapo sikubali herufi x mahali pa namba. Andika mwanzo wa safu, mkwaju na idadi ya biti. Kwa 172, taja na anwani ya mwisho.

Jina nalo lina uzito. Mimi huandika "anwani binafsi". Ukisema "za faragha", msomaji hudhani kuna siri au ulinzi, na ulinzi haumo kwenye namba. "Za ndani" haitoshi, kwani yapo mashirika yanayotumia anwani za umma ndani ya mitandao yao. Kosa ninalolifuta mara nyingi zaidi ni "anwani zisizopitishwa na ruta". Ruta, kifaa kinachopitisha data kati ya mitandao, huzipitisha vizuri kabisa kutoka tawi moja la shirika hadi jingine. Andika ukweli wenyewe: hazipitishwi kwenye intaneti ya umma.

Usiite 192.168.0.0/16 "daraja C". Mfumo wa madaraja uliachwa CIDR, mfumo wa kuandika safu kwa mkwaju, ulipoingia mwaka 1993, na hata kwa hesabu ya zamani safu hiyo ni mitandao 256 ya daraja C (kila mmoja /24), si mmoja. Anayesoma "daraja C" ataweka /24, kisha atashangaa kwa nini nusu ya vifaa havionani.

Kuna majirani wanaochanganywa na hizi tatu. 169.254.0.0/16 ni anwani ambazo kifaa hujipa chenyewe kikikosa DHCP, huduma inayogawa anwani. 100.64.0.0/10 ilitengwa mwaka 2012 kwa watoa huduma wanaoweka wateja wengi nyuma ya NAT moja, yaani ubadilishaji wa anwani za ndani kuwa ya umma. Iite "safu ya pamoja", wala usiihesabu ndani ya RFC 1918. Kwenye IPv6, toleo jipya la IP, inayokaribia kazi hiyo ni fc00::/7.

Mfano wako ukihitaji anwani ya umma, usibuni namba kichwani, kwa kuwa huenda ina mwenyewe. Chukua kutoka 192.0.2.0/24, 198.51.100.0/24 au 203.0.113.0/24, zilizotengwa kwa ajili ya maandishi. Sentensi ninayoipitisha bila kugusa huwa hivi: "Seva ina anwani binafsi 10.20.0.5, ikitoka kwenda intaneti, ruta huibadilisha kwa NAT iwe anwani ya umma 203.0.113.7."