Namna ya Kumsaidia kwa Mikono Mgonjwa wa Mapafu Mwenye Makohozi Mengi

Wako watu waliotibiwa kifua kikuu wakapona, lakini njia zao za hewa zikabaki zimepanuka na kulegea, kiasi kwamba makohozi hutuama humo na kuzalisha maambukizi ya mara kwa mara. Mgonjwa wa namna hii anaweza kunufaika sana kwa kupigwapigwa kifua kwa viganja, kwa utaratibu, ili makohozi yalegee. Yule ambaye shida yake ni kubanwa pumzi bila makohozi, kama walivyo wengi walioharibiwa mapafu na sigara au moshi wa kuni, hapati faida hiyo na pengine hubanwa zaidi. Kwa hiyo mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mikono na mazoezi, ampime mgonjwa kwanza, aonyeshe sehemu ya pafu iliyojaa, kisha amtazame ndugu atakayemhudumia nyumbani akijaribu mbele yake.

Usimpigepige mgonjwa anayekohoa damu, aliyevunjika mbavu, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au ambaye mifupa yake imedhoofika kwa uzee au kwa matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe kama prednisolone.

Wakati unaofaa zaidi ni asubuhi kabla ya kula, kwa sababu makohozi hujikusanya usiku kucha. Vinginevyo subirini hadi saa mbili zipite baada ya mlo. Ikiwa daktari amemwandikia dawa ya kuvuta inayofungua njia za hewa, aivute dakika 15 kabla ya kuanza. Fungueni madirisha.

Sehemu ya pafu iliyojaa ndiyo inayotakiwa kuwa juu. Kwa sehemu ya chini ya pafu la kushoto, mgonjwa alalie ubavu wa kulia. Kwa sehemu za juu, aketi akiwa ameegemea mito. Zamani wagonjwa waliinamishwa kichwa chini, lakini mimi naona kulala sawasawa kunatosha, kwani kuinamishwa huleta kiungulia na kubanwa pumzi, na kwa mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu ni hatari.

Funika kifua kwa nguo nyepesi. Fumbata kiganja kiasi, vidole vikiwa pamoja na kidole gumba kikiwa kimebanwa pembeni, ili katikati pabaki uwazi wa hewa, kisha pigapiga kwa kuchezesha kifundo cha mkono kilicholegea. Mlio uwe mzito wenye mwangwi; ukisikia mlio wa kofi, au ngozi ikawa nyekundu, kiganja kimenyooka. Nguvu haihitajiki kabisa, na mgonjwa hapaswi kuumia. Epuka uti wa mgongo, mfupa wa kidari, matiti, na eneo lote lililo chini ya mbavu, ambako kuna figo. Dakika tatu hadi tano kwa kila mkao zinatosha. Baada ya hapo tandaza viganja juu ya mbavu na, mgonjwa anapotoa pumzi tu, tetemesha mikono huku ukibonyeza taratibu.

Mikono hulegeza makohozi. Kinachoyatoa ni pumzi ya mgonjwa mwenyewe, na hapa ndipo wahudumu wengi huharakisha. Apumue kwanza kwa utulivu, kisha avute pumzi ndefu mara tatu au nne, akiishikilia kila mara kwa sekunde mbili au tatu. Halafu afungue mdomo na koo na kuitoa pumzi kwa mkazo, kama mtu anayetia ukungu kwenye kioo, mara moja au mbili. Akisikia makohozi yamefika juu, akohoe. Apumzike kwa pumzi tulivu, kisha arudie mzunguko huo hadi kifua kiwe chepesi au achoke. Zoezi zima lisizidi dakika 30.

Makohozi yatemewe kwenye chombo chenye mfuniko. Midomo ikigeuka rangi ya buluu, kizunguzungu kikimshika au damu ikitokea, acheni mara moja na mpelekeni hospitali. Makohozi yakiongezeka au kubadilika rangi, au homa za jioni na kukonda vikianza, arudi kliniki akapimwe makohozi upya, hata kama alishamaliza dawa za kifua kikuu.