Kabla hujamkalisha mtu na kompyuta kwenye sataranji

Mimi ni fundi simu, kibanda changu kiko Majengo, Dodoma. Jioni wateja wakipungua natoa ubao na kompyuta kuukuu yenye Stockfish, programu ya bure. Mwanzoni kila mechi iliishia kwa kelele: aliyefungwa alidai nimemchezea rafu. Kuna siku hakukosea.

Anza kwa kumbana anayekaa upande wa mashine, maana mashine haina hila, mwenye hila ni yeye. Mwaka 1997 kule New York, Kasparov, bingwa wa dunia, alipofungwa na Deep Blue, kompyuta ya kampuni ya IBM, kwa 3.5 kwa 2.5, mafundi wa IBM waliruhusiwa kuirekebisha kati ya mchezo na mchezo, na Kasparov hakuwa amepewa michezo ya nyuma ya mashine hiyo aisome. Kwangu mipangilio haiguswi mpaka mechi iishe. Nikikosea kuhamisha kete ya mashine, tunarudisha. Mtu akigusa yake, ameicheza. Wanalalamika, lakini kosa la mkono wangu si la mashine.

Mpe mchezaji nakala ya programu akafanye mazoezi. Kramnik, naye bingwa wa dunia, alipewa programu ya Deep Fritz mapema kabla ya mechi ya Bonn mwaka 2006. Alifungwa vilevile, 4 kwa 2, na mchezo wa pili hakuona kwamba mfalme wake anakufa kwa hatua moja. Hapo alijifunga mwenyewe, hakuonewa.

Kazi kubwa ni kulinganisha nguvu. Wengi hukimbilia kushusha kiwango cha mashine. Mimi sipendi: inacheza kibingwa hatua kumi, halafu ghafla inakugawia malkia, kama mjomba anayejifanya kushindwa na mtoto. Afadhali iachie akili zake zote, uipunguzie kete. Kwa anayejifunza, icheze bila malkia. Kwa mzoefu, bila farasi mmoja. Jirani yangu muuza zabibu alifungwa wiki mbili mfululizo mashine ikiwa haina farasi. Tukaipunguzia na ngome, sasa anaambulia sare, na majivuno yake hayavumiliki.

Muda: mtu dakika 30, mashine sekunde 2 kwa hatua, na uizuie kuwaza zamu isiyo yake.

Halafu umeme. Betri yangu haimalizi dakika tano, kwa hiyo kila hatua inaandikwa kwenye daftari, na umeme ukirudi tunaendelea palepale. Anayeinuka akisema "mashine imezima, nimeshinda" anatununulia soda wote.