Ukihubiri kwa mkalimani, mpe wazo zima

Jumapili iliyopita nilihubiri kanisa moja nje ya mji wa Malindi, Kiswahili changu kikifasiriwa kwa Kigiriama, na mzee aliyenifasiria akanifunza jambo hili baada ya ibada: usikate sentensi katikati. Sema wazo lililokamilika, fupi, maneno kama kumi hivi, kisha nyamaza mpaka amalize. Mkalimani hafuati neno kwa neno, anasubiri maana. Ukimwachia nusu, ataziba pengo kwa kubahatisha. Chukua Warumi 8:1. Ukisema "hakuna hukumu" ukatua, kina mama wa viti vya mbele wameshaambiwa kwamba hakuna hukumu kwa mtu yeyote, na lile la "walio ndani ya Kristo" likifuata linasikika kama habari nyingine kabisa. Hapo umehubiri kinyume cha andiko bila kujua, na hilo si dogo.

Mbinu hii haifai wakati wa kusoma andiko lenyewe. Waefeso 1:3-14, kwa mfano, kwa Kigiriki ni sentensi moja ndefu; ukiikatakata, mkondo wake unapotea. Mwachie mkalimani asome fungu zima katika Biblia ya Kigiriama, ndipo uanze kufafanua. Methali nazo (sisi wa Pwani tunazipenda mno mimbarani) mtajie kabla ya ibada, maana papo hapo ni vigumu apate ya kufanana nayo.