Jinsi Waandishi Marafiki Wanavyoweza Kusaidiana Wakiwa Wamefungiwa Ndani

Mwandishi aliyefungiwa ndani hukosa mambo mengi, lakini linaloua kazi yake upesi kuliko yote ni kukosa mtu anayeusubiri ukurasa wake. Muda anaweza kuwa nao tele na daftari likawa mezani, ila siku zikishaanza kufanana, kazi isiyosubiriwa na yeyote huahirishwa leo, kesho na keshokutwa, hadi mwenyewe anaona haya hata kuifungua. Mwongozo huu ni wa marafiki wanaoandika, hasa wa Mwanza na mwambao mzima wa Ziwa Victoria, ambao wangependa kushikana mkono wakati ugonjwa au amri ya serikali inapowazuia kukutana.

Mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, nchi za mwambao huu hazikufungwa kwa namna moja. Upande wa Tanzania watu hawakuamriwa kubaki majumbani, lakini shule zilifungwa katikati ya Machi, vyuo vikafuata, na vyuo hivyo havikufunguliwa hadi tarehe 1 Juni, huku wanafunzi wengi wa shule wakisubiri hadi tarehe 29 mwezi huohuo. Kenya iliweka kafyu ya usiku kuanzia tarehe 27 Machi, na Uganda ikawafungia watu wake ndani mwanzoni mwa Aprili. Kundi lenye mwandishi mmoja Nyegezi, mwingine Bukoba na mwingine Kisumu lilijikuta chini ya masharti tofauti, ingawa wote wanatazama maji yaleyale. Tangu wakati huo mkoa wa Kagera umepata mlipuko wa ugonjwa wa Marburg mara mbili, mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2025, kwa hiyo si busara kudhani kwamba jambo hili limepita na halitarudi. Utaratibu wa kusaidiana ni vizuri uwekwe mapema, kabla ya siku ya kuuhitaji.

Anzeni na watu wachache. Watatu wanatosha, na wakizidi watano kila mmoja huanza kudhani kwamba mwenzake ameshasoma. Chagueni watu ambao tayari mnaaminiana, hata kama mmoja anaandika riwaya, mwingine mashairi na mwingine hadithi za watoto, kwa sababu kujenga kuaminiana kwa simu ni kugumu kuliko ana kwa ana. Mkishakubaliana, mpeni kila mtu siku yake ya juma. Anayeleta kazi Jumanne anajua kwamba Jumanne jioni kuna watu wawili au watatu wanaongoja, nao wanajua kwamba wana hadi Alhamisi kumjibu. Msiwekeane idadi ya maneno. Nyumba yenye watoto ambao hawaendi shule, na pengine mgonjwa, haifanani na chumba cha kijana anayeishi peke yake Mabatini, na kipimo kimoja kitamwonea mmoja wao. Ukurasa mmoja, aya moja, au hata ubeti mmoja unatosha, mradi uwe mpya na ufike siku yake.

Kuhusu njia ya kutumiana kazi, fikirieni gharama ya mwenye uwezo mdogo kuliko wote katika kundi. Ujumbe wa maandishi unakula kifurushi kidogo sana, ujumbe wa sauti unakula zaidi, na simu ya video ndiyo inayokimaliza. Mikutano ya video ina raha yake, lakini hufaa mara moja moja kwa kuonana sura na kujuliana hali. Kazi yenyewe itumwe kama maandishi ndani ya ujumbe, na anayeandika kwa mkono apige picha ya ukurasa mchana, karibu na dirisha, ili mwandiko usomeke. Mwenye uwezo zaidi anaweza kumnunulia mwenzake kifurushi cha juma, na afanye hivyo faraghani bila kukitaja mbele ya kundi.

Sasa nije kwenye kiini cha mambo, yaani namna ya kumjibu rafiki aliyekuletea kazi. Jibu tulilolizoea ni “Hongera sana, kazi nzuri, endelea hivyohivyo.” Maneno hayo yana upendo, na wakati wa hofu upendo unahitajika, lakini hayamwambii mwandishi chochote kuhusu ukurasa wake, na baada ya majuma mawili atahisi kwamba hakuna anayesoma. Jibu la pili tulilolizoea ni la kimwalimu: kalamu nyekundu, tahajia, nukta na mkato. Hilo nalo lina wakati wake, ambao ni mwisho kabisa, kazi ikishakamilika. Rasimu inayozaliwa katikati ya wasiwasi inahitaji msomaji atakayesema kwa uaminifu aliona nini, ni wapi alisimama, na ni wapi alipotea.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni kumsomea mwandishi kazi yake mwenyewe kwa sauti. Chukua ukurasa aliokutumia, jirekodi ukiusoma kama ulivyo bila kuufanyia mazoezi, kisha umtumie ujumbe huo wa sauti. Mwandishi atasikia kila mahali ulipokwama, uliporudia neno, ulipoishiwa pumzi kabla sentensi haijaisha, na hata pale ulipocheka bila kukusudia. Baada ya kusoma, ongeza maneno machache tu: ni picha gani imebaki akilini mwako, ni mahali gani uliacha kuona, na ni jambo gani ungependa kulijua katika ukurasa unaofuata.

Tuchukue mfano. Rafiki anaandika hadithi ya mama anayeuza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba. Mwanzo wa ukurasa anamwonyesha mama huyo akigeuza dagaa juu ya turubai huku akitazama wingu linalotoka ziwani. Halafu inakuja sentensi hii: “Aliondoka akiwa na huzuni kubwa sana moyoni kwa sababu ya yale yote yaliyomtokea siku ile.” Msomaji mwema hatasema kwamba sentensi ni mbaya. Atasema, “Dada, pale juu nilikuwa nimesimama karibu naye, nilipofika hapa sikumwona tena.” Mwandishi akirudi kwenye kazi yake na kauli hiyo, anaweza kuleta kitu kama hiki: “Alikunja turubai na dagaa wake wabichi ndani, akajitwisha, akapita mbele ya wanunuzi wote bila kumsalimu hata mmoja.” Huzuni ipo, na safari hii msomaji ameiona mwenyewe. Kilicholeta badiliko hilo ni taarifa ya kweli kutoka kwa mtu aliyesoma kwa makini, na mwandishi akabaki na uhuru wa kutafuta dawa yake.

Kwa washairi wa mapokeo njia hii ina manufaa zaidi, kwa kuwa sikio hukamata upesi kile ambacho jicho hukipita. Anayeandika tarbia, yaani shairi la mistari minne kwa kila ubeti, yenye mizani (silabi) kumi na sita kwa kila mshororo, nane kwa ukwapi (nusu ya kwanza) na nane kwa utao (nusu ya pili), amwombe mwenzake aughani ubeti huku akigonga meza kwa kila mizani. Mshororo uliopungukiwa utajitangaza wenyewe. Wanaoanza husahau kwamba “mtu” ni mizani mbili na kwamba “Mwanza” nalo ni mizani mbili tu, ijapokuwa lina herufi nyingi zaidi.

Kuna kikwazo kimoja ambacho miongozo mingi haikigusi, nacho ni heshima ya umri. Katika makundi yetu mara nyingi yupo mwalimu mstaafu mwenye miaka zaidi ya sitini na kijana aliyemaliza chuo juzi, na kijana huyo hawezi kumwambia mzee kwamba ukurasa wake umemchosha, hata kama ndivyo ulivyo. Kumlazimisha aseme ni kumvunjia mzee adabu na kumtesa kijana. Dawa iko mikononi mwa mkubwa: yeye ndiye afungue mlango kwa kuuliza swali ambalo jibu lake halina utovu wa nidhamu. Akituma ukurasa na kuandika, “Mwanangu, nionyeshe sentensi mbili ambazo ungezifupisha,” kijana anaweza kujibu, “Shikamoo Mwalimu, ningeanzia na ile ya pili na ya saba,” na kazi ikaendelea bila mtu kushushiwa hadhi. Nimeona swali dogo la namna hiyo likizaa masahihisho bora kuliko kauli ya jumla kwamba “hapa sote ni sawa, semeni tu.”

Msaidiane pia kwa maarifa. Ukiwa umefungiwa huwezi kwenda ufukweni kuhakiki jambo, lakini mwenzako aliyekulia Ukerewe au Igombe analijua tangu utotoni. Mwandishi wa mjini anaweza kuwapeleka wavuvi wake kuvua dagaa usiku wa mbalamwezi kwa sababu mandhari hiyo inapendeza, na ni mtu wa ziwani atakayemkumbusha kwamba dagaa huvutwa kwa taa usiku wa giza, na kwamba mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi hupumzika. Kila mmoja aorodheshe mambo anayoyafahamu vizuri, iwe ni uvuvi, wodi za hospitali, gereji au kilimo cha pamba, ili wenzake wajue wamuulize nani.

Ipo tahadhari moja kuhusu mambo ya kuandika. Wakati wa ugonjwa, visa vya majirani vinazagaa, na kishawishi cha kuviandika ni kikubwa. Kundi likubaliane kwamba ugonjwa au msiba wa mtu anayetambulika hauandikwi bila ridhaa yake au ya familia yake, hata kama jina limebadilishwa. Mtaani mtu hutambulika kwa mengi zaidi ya jina.

Mwenzenu akinyamaza, msimdai ukurasa. Mmoja wenu ampigie simu, si kumwandikia, na aanze na habari za nyumbani. Ikiwa amefiwa, siku yake ya juma ibaki tupu, asipewe mtu mwingine, na wenzake waendelee kuleta kazi zao kama kawaida ili atakaporudi akute mlango uko wazi. Wapo watakaoweza kusoma kabla hawajaweza kuandika; hao wapeni kazi ya kusoma tu, kwa muda wowote watakaouhitaji.

Hatimaye, tunzianeni kazi. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alikamilisha riwaya yake ya Kikerewe mwaka 1945, na haikuchapishwa hadi mwaka 1980, tena kwa Kiswahili alichokitafsiri mwenyewe. Mwaka uliofuata akafariki dunia. Mswada uliokaa miaka 35 ungeweza kupotea mara nyingi. Simu huibwa, huanguka majini na huharibika, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi kila mmoja amtumie mwenzake mmoja nakala nzima ya alichoandika, na anayeandika kwa mkono apige picha kurasa zote. Anayetunza haruhusiwi kuisambaza. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, kazi ya mwandishi inalindwa tangu inapoundwa, hata kama haijasajiliwa popote, lakini ujumbe wenye tarehe uliotumwa kwa rafiki ni ushahidi mzuri endapo mzozo utatokea.

Milango ikifunguliwa, teueni katika nakala hizo kazi moja ya kila mtu iliyokaribia kukamilika, na hapo ndipo kalamu nyekundu itumike. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa tarehe 13 Aprili 2023, hupokea miswada ya Kiswahili, na masharti yake yasomwe na watu wawili tofauti kabla ya kutuma, kwa kuwa aliyeandika mswada huwa na haraka ya kuuona umeondoka mikononi mwake.