Somo: Sabuni ya maji ya kufulia kwa mche na magadi, kwa nguo zenye shombo la samaki

Nguo za watu wanaoshinda wakibeba dagaa na sangara pale Mwaloni, katika soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza, zina adha mbili: mafuta ya samaki yaliyoingia ndani ya nyuzi, na shombo linalorudi kila nguo ikipata joto la mwili. Kwa muda mrefu nilikuwa nikiongeza sabuni nikidhani kwamba povu ndilo linalosafisha, hadi nilipoelewa kuwa sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na magadi, yaleyale tunayolainishia maharage. Magadi hulegeza mafuta na kugeuza sehemu ya yale yaliyochacha kuwa sabuni papo hapo kwenye nguo.

Andaa gramu 150 za sabuni ya mche, gramu 100 za soda ash, yaani magadi safi ya unga (au gramu 150 za magadi ya mawe, kwa kuwa hayo huwa na mchanga na chumvi), na lita 5 za maji. Mwambie muuzaji akupimie, usikisie kwa macho.

Kwanza, ponda magadi ya mawe, uyayeyushe katika lita moja ya maji ya moto, uyaache yatuame, kisha uyachuje kwa kitambaa kizito. Usitumie sufuria ya alumini hata kidogo, maana magadi huila alumini, huitia weusi na kuidhoofisha. Tumia ndoo ya plastiki ngumu au chombo cha stili. Vaa glavu, kwa sababu maji haya hukausha ngozi na huwasha macho vibaya yakirukia.

Pili, kwaruza mche kwa kikwaruzo cha karoti. Chemsha lita 2 za maji katika chombo kingine, punguza moto, kisha tia sabuni kidogo kidogo huku ukikoroga taratibu mpaka isibaki chembe hata moja. Hapa usiwe na haraka: vipande vikubwa visipoyeyuka vitakuja kuganda na kushika kwenye nguo nyeusi.

Tatu, mimina maji ya magadi juu ya sabuni, ongeza lita 2 zilizobaki, koroga, funika na uache usiku kucha. Asubuhi utakuta uji mzito unaotetemeka. Ukoroge tena, uutie kwenye dumu lenye mdomo mpana, na uandike juu yake kwamba ni sabuni ya kufulia ili watoto wasiudhanie kitu kingine.

Kwa ndoo ya lita 10, tumia nusu lita. Loweka nguo zenye mafuta kwa nusu saa katika maji ya uvuguvugu kabla ya kuzifikicha. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, yaani hayana chokaa nyingi, hivyo kipimo hicho kinatosha. Sweta za sufu na vitambaa vya hariri usivifue kwa sabuni hii, kwa kuwa magadi huviharibu.

Shombo lenyewe huondolewa kwa uchachu. Ukishasuuza sabuni yote ikaisha, tia maji ya malimau mawili, au nusu kikombe cha siki, katika ndoo ya mwisho, na uache nguo humo kwa dakika 10. Usitangulize limau wakati sabuni bado imo, kwani uchachu huvunja sabuni na kuacha utando wa mafuta. Pia usichanganye kamwe limau au siki na Jik (dawa ya klorini ya kung'arisha nguo), kwa sababu hutoka gesi yenye sumu.

Maji ya kufulia yamwage juu ya udongo mtupu mbali na ufuko, wala si kwenye bustani ya mchicha.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Huku Misungwi tunatumia kisima, na sabuni inaganda vipande vyeupe juu ya maji. Nifanye nini?

Marahaba, mwanangu. Maji hayo yana chokaa, nayo hushika sabuni kabla haijafika kwenye nguo. Tia kijiko kimoja cha chakula cha soda ash kwenye ndoo, koroga, subiri dakika 10, ndipo utie sabuni.

Dada, nina soda ya kuumulia maandazi tu. Inafaa?

Ikiwa mbichi ni dhaifu mno, ndugu yangu. Ikaange kavu kwenye chombo cha stili, juu ya moto wa wastani, ukikoroga, mpaka iache kufukuta kama inayochemka. Gramu 100 zitabaki takriban 63, na hizo ndizo soda ash.

Uji wangu umejitenga, maji chini na mgando juu. Umeharibika?

Haujaharibika. Utikise au uukoroge kila unapotaka kuutumia.

Mama, je, kitenge kipya hakitachuja rangi?

Kinaweza kuchuja, mama. Jaribu kwanza kwenye pindo kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Ukiona rangi, kifue kwa mche mtupu na maji baridi, kisha ukianike kivulini kikiwa kimegeuzwa ndani nje.