Kutengeneza tovuti ya chuo kikuu inayotumiwa na watu wenye ulemavu: tuanzie kwenye tangazo la udahili

Msimamizi wa tovuti ya chuo kikuu anayetaka kujua kama watu wenye ulemavu wanaweza kuitumia asianzie ukurasa wa mbele wenye picha za mahafali. Aanzie anapoanzia mwombaji, yaani kwenye tangazo la udahili, kisha aifuate njia nzima: fomu ya maombi, malipo, orodha ya waliochaguliwa na ratiba ya masomo. Mwombaji aliyekwama kwenye malipo hafaidiki na uzuri wa kurasa zilizotangulia.

Katika tovuti za vyuo vyetu vya Afrika Mashariki, kikwazo ninachokikuta mara nyingi zaidi ni waraka uliopigwa picha. Tangazo huandikwa kwenye kompyuta, huchapishwa, hutiwa saini na kugongwa muhuri, kisha hupitishwa kwenye skana na kupandishwa likiwa faili la PDF. Anayeona husoma maandishi. Lakini programu ya kusoma skrini, ambayo humsomea kwa sauti mtu asiyeona, kwa kawaida haikuti hata herufi moja, kwa kuwa kila ukurasa ni picha tupu. Nimewahi kukaa na mwanafunzi asiyeona siku ratiba ya mitihani ilipotoka. Simu yake ilitaja jina la faili na idadi ya kurasa, ikanyamaza, naye akalazimika kumtafuta mwenzake wa kumsomea tarehe za mitihani yake mwenyewe.

Dawa yake haina gharama. Maneno yote ya tangazo yaandikwe kwenye ukurasa wa tovuti wenyewe, na nakala yenye saini na muhuri iambatanishwe chini kwa anayehitaji uthibitisho. Ikiwa ni lazima liwe faili la PDF, litolewe moja kwa moja kutoka kwenye Microsoft Word bila kupita kwenye skana. Humo, vichwa viwekwe kwa mitindo ya vichwa iliyomo ndani ya programu, si kwa kukoleza wino na kukuza herufi, kwa sababu anayesikiliza huruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine ili afike anapopataka, na kichwa kilichokolezwa wino tu hakitambuliki. Ratiba iwe jedwali halisi ambalo safu yake ya juu imetambulishwa kuwa ya vichwa, na seli, yaani visanduku vyake, zisiunganishwe ovyo. Hapo msikilizaji akifika kwenye seli husikia pia kichwa kinachoihusu, kama vile siku au saa.

Jambo jingine dogo linaloumiza ni lugha ya ukurasa. Violezo vingi vya tovuti huja vikiwa vimeandikwa ndani kwamba lugha ni Kiingereza, na programu ya kusoma skrini ikiamini hivyo hutamka Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, maneno yasieleweke. Kurasa za Kiswahili ziwekewe alama ya lugha «sw», na palipochanganywa lugha mbili, kila sehemu iwekewe alama yake.

Bango la udahili lililobuniwa kama picha linaweza kubaki, ila tarehe ya mwisho, ada na sifa za kujiunga ziandikwe pia kwa maneno. Picha nyingine zinazobeba habari ziwe na maandishi mbadala mafupi yanayosema kilichomo, na zile za mapambo tu ziachwe bila maelezo ili zisimchoshe msikilizaji.

Kwenye fomu, kila kisanduku kiwe na jina lake linaloonekana muda wote, si maneno hafifu yanayopotea mtu anapoanza kuandika. Kosa lielezwe kwa maneno na mahali lilipo, kwa kuwa rangi nyekundu peke yake haimwambii kitu asiyeitofautisha. Namba ya malipo iwe maandishi yanayoweza kunakiliwa. Mfumo unaomtoa mwombaji baada ya muda fulani umwonye kwanza. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kuzifanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, unataka apewe angalau sekunde 20 za kuongeza muda kwa tendo jepesi. Jaribio la kuthibitisha kwamba anayejaza si roboti lisitegemee kutambua picha pekee.

Mwongozo huohuo, ambao toleo lake la 2.2 lilitoka mwaka 2023, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Manjano juu ya nyeupe, hata ikiwa ni rangi ya chuo, haifiki hapo. Video ziwe na manukuu, yaani maneno yanayosemwa yakiandikwa kwenye skrini, yaliyohakikiwa na mtu, na matangazo muhimu yatafsiriwe kwa lugha ya alama, kwani kwa viziwi wengi Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili.

Siwashauri viongozi wa vyuo wanunue kitufe cha nyongeza kinachoahidi kurekebisha tovuti nzima mara moja. Hakiwezi kurekebisha vizuri fomu iliyojengwa vibaya, na wasioona wengi wamelalamika kwamba huvuruga programu zao.

Ili kupima, weka kipanya kando na upite fomu nzima kwa kibodi, ukibonyeza Tab. Kila unapofika paonekane wazi, na pasiwe na mahali pa kunasa. Kisha weka NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini kwenye kompyuta za Windows, au washa TalkBack, inayofanya kazi hiyohiyo kwenye simu ya Android, zima mwanga wa skrini, na ujaribu kutuma maombi. Baada ya hapo waite wanafunzi wenye ulemavu wapime wao, na walipwe kama walipwavyo wataalamu wengine.

Upimaji huu ufanyike wiki kadhaa kabla dirisha la udahili halijafunguliwa. Kwenye kila ukurasa wa maombi iwekwe namba ya simu na barua pepe ya mhusika aliyepewa madaraka ya kupokea maombi kwa njia nyingine na kumwongezea muda mwombaji aliyecheleweshwa na kasoro ya tovuti.