Anza na tangazo: kuajiri watu wenye ulemavu na wanajeshi wastaafu

Ukimuuliza mwajiri kwa nini hana hata mfanyakazi mmoja mwenye ulemavu, jibu huwa ni lile lile: "Hawaombi." Nimelisikia kwa wenye hoteli Arusha, kwa wenye shule binafsi, na kwa meneja wetu hapa Moshi, ninakofanya kazi ya rasilimali watu katika kiwanda cha kukoboa na kufungasha kahawa. Kabla hujalisema wewe, litoe tangazo lako la mwisho ulisome upya.

Tangazo la karani wa stoo nililolikuta kwenye faili lilitaka mtu "mwenye umri wa miaka 22 hadi 35, mwenye afya njema na viungo kamili, mwenye leseni ya udereva". Karani wetu wa stoo haendeshi gari. Anapokea magunia, anahesabu, anaandika, anabishana na madereva wa malori. Sentensi moja ilikuwa imeshamfungia nje mwenye mguu bandia, asiyeona vizuri kiasi cha kupewa leseni, na sajini aliyestaafu jeshini akiwa na nguvu zake zote. Kuhusu kazi yenyewe, kimya.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kushuka huko chini kwenye kazi. Kaa na anayeifanya sasa, andika anachofanya kwa vitenzi: anapokea, anapima, anachambua, anashona gunia, anajaza daftari. Kisha kila kitenzi kiulize: kikiondoka, kazi inakufa, au ni mazoea tu? Msimamizi wa kuchambua aliniambia mchambuaji lazima asimame. Kwa nini? Kwa sababu meza ni ndefu. Na meza kwa nini ni ndefu? Fundi seremala aliitengeneza hivyo. Tuliikata miguu, na wa kwanza kushukuru walikuwa akina mama wasio na ulemavu wowote, ila migongo imechoka.

Kwenye stoo kulikuwa na "kubeba gunia". Gunia la kahawa safi ni kilo 60, na hakuna karani anayelibeba. Wapo wapagazi na toroli. Kwenye maabara tulikuta kuonja kahawa na kupanga madaraja ya punje vimeandikwa kama kazi moja. Kupanga madaraja kunahitaji macho. Kuonja kunahitaji pua, ulimi na kumbukumbu, na asiyeona anaweza kuwa navyo vyote vitatu. Kwenye mashine za kukobolea, kelele ni nyingi hata wote wanavaa viziba masikio na kuongea kwa mikono. Kiziwi akiingia pale ndiye mzungumzaji bora kuliko wote. Kinachobaki ni foklifti inayorudi nyuma kwa kupiga honi tu. Iwekee taa inayomulika, chora njia ya waenda kwa miguu sakafuni, na hapo hujamsaidia kiziwi peke yake.

Kuna vitenzi vitakavyobaki, na sheria inaliruhusu hilo. Dereva lazima aone. Usione haya kuliandika, mradi ni kazi inayodai na si wewe.

Sheria, kwa kifupi

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 ya watu wenye ulemavu wenye sifa za kazi. Ukiwa na watu 60, hesabu inakupa 1.8, ajiri wawili, usitafute wa kumkata. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi mingi, ikiwemo ulemavu, VVU na umri, na inamlinda hata anayeomba kazi. Mwombaji akionyesha dalili za kubaguliwa, mzigo wa kuthibitisha kwamba hukumbagua unakuangukia wewe.

Mwanajeshi mstaafu haingii kwenye ile asilimia 3 kwa kustaafu tu. Nalisema kwa sababu wanunuzi wa Marekani hututumia madodoso yanayowaweka watu hawa wawili pamoja, na wenzangu wengi hudhani ni sheria yetu. Kule wenye mikataba na serikali kuu wanabanwa na sheria mbili, ya mwaka 1973 kwa wenye ulemavu na ya mwaka 1974 iliyotungwa kwa ajili ya waliopigana Vietnam. Hapa kwetu kinachomlinda mstaafu ni lile neno umri. Ukiandika "miaka 22 hadi 35" bila sababu ya kikazi, umemfukuza kabla hajafika.

Lipeleke tangazo waliko

Tangazo lililobandikwa ghorofa ya pili, kwa herufi ndogo, linawafikia waliokwisha kufika. Mimi hupita ofisi ya Maendeleo ya Jamii ya halmashauri, kwa sababu halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na 2 kati ya hizo 10 ni za watu wenye ulemavu, kwa hiyo maafisa wale wanavijua vikundi na viongozi wake. Nawapelekea pia SHIVYAWATA, lile shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, na CHAVITA kwa ajili ya viziwi. Halafu vyuo vya ufundi vya VETA, matangazo ya kanisani na msikitini, na wenyeviti wa mitaa, Majengo, Pasua, Njoro. Weka namba inayopokea ujumbe wa maandishi. Ukiandika "piga simu" peke yake, kiziwi umemwambia asiombe.

Usaili

Kwenye ujumbe wa kumwita mtu, ongeza sentensi hii, na wapelekee wote bila kuchagua: "Kama kuna kitu unahitaji ili usaili ukuendee vizuri, tuambie." Majibu ni madogo kuliko wanavyoogopa mabosi. Mmoja anataka chumba cha chini, mwingine mtihani kwa herufi kubwa na asikalishwe akitazamana na dirisha, mwingine asomewe fomu. Wengi wasioona siku hizi simu zao zinawasomea, kwa hiyo maswali yatume kwa maandishi ya kawaida, usipige picha ya karatasi.

Kwa kiziwi, tafuta mkalimani wa lugha ya alama na umlipe. Usimtegemee dada yake aliyemsindikiza. Dada atajibu kwa niaba yake, tena kwa nia njema, nawe utakuwa umemsaili dada. Mkalimani akifika, mtazame mwombaji usoni na ongea naye yeye.

Usiulize "Ilikuwaje ukapata hivyo?" Ni stori yake, na haina alama kwenye usaili. Swali halali ni: "Kazi hii inataka kupima na kuandika magunia mpaka jioni, wewe utaifanyaje?" Waulize wote, hata mwenye miguu miwili. Mpe nafasi aonyeshe kwa vitendo. Nilimwona kijana mwenye mkono mmoja akishona mdomo wa gunia kwa kulibana na goti, huku jopo likiwa bado linajadiliana kama ataweza. Kipimo cha afya kifuate baada ya kumchagua, na daktari aambiwe ni kazi gani anampimia. Swali lake ni kama mtu huyu anaiweza kazi hii salama, si kama ana kasoro.

Mstaafu wa jeshi

Hapa tatizo ni geti. Kila mtu akisikia mstaafu wa JWTZ anawaza mlinzi. Wapo wanaoutaka ulinzi, sawa. Lakini jeshi lina mafundi magari, waganga, makarani, wapishi wa watu mamia, watu wa mawasiliano. Wasifu wake utakuja mfupi, cheo na miaka tu, maana amezoea kuongea na wanaojua maana yake. Msaidie kwa maswali: ulisimamia watu wangapi? Vifaa gani vilikuwa mikononi mwako? Ulimkabidhi nani, kwa maandishi gani? Sajinitaji aliyekaa bohari anakujibu kwa mpangilio ambao wenye diploma wengi wanautafuta. Usimdadisi mambo ya operesheni. Hatakujibu, na atakushangaa.

Lipo jambo jingine la kwetu. Msimamizi wa miaka 27 atamwamkia "shikamoo" asubuhi, kisha ampangie kazi na mchana amkosoe. Wote wawili watapata shida, kijana zaidi. Waite pamoja siku ya kwanza, taja wazi nani anaripoti kwa nani, na salamu ibaki ilivyo. Mzee aliyetoka jeshini huelewa hili haraka, kwa kuwa kule alishapigia saluti maafisa wadogo kwa umri.

Akishaajiriwa

Anza na choo. Bosi atakuuliza habari za lifti na mamilioni. Mwambie kwanza mlango wa choo utanuliwe, uwekwe mshikio ukutani na kiti chenye kimo kinachofaa. Ngazi mbili za mlangoni zinamalizwa na tuta la zege. Kisha usafiri: konda wa Hiace saa kumi na mbili asubuhi hamsubiri mwenye kiti mwendo. Kumruhusu aingie kazini saa moja baadaye na kutoka saa moja baadaye hakukugharimu chochote. Mwenye ualbino asipangwe kuanika kahawa juani kama kivuli kipo. Na akilazimika kutoka, kofia na mafuta ya kuzuia jua viwe vya kampuni kama zilivyo gambuti za wengine. Mafuta hayo yanatengenezwa hapa hapa Moshi, hospitali ya KCMC. Ni KCMC hiyo hiyo unapoulizia viungo bandia.

Mshahara ni wa kazi, si wa mwili. Ukimlipa pungufu kwa kuwa "tumemsaidia", hujaajiri.

Na faili. Kwa kila uliyemkataa, andika siku hiyo hiyo sababu moja inayotokana na vile vitenzi: "Alishindwa kujaza daftari la mapokezi kwenye jaribio." Usiandike "hafai" wala "hataweza". Karatasi hiyo ndiyo utakayoishika siku ukiitwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi. Na ikiwa umekaa dakika kumi hujapata sababu ya kuandika, mpigie mtu huyo aje kazini. Kama ni kiziwi, mtumie ujumbe.